Maji Niliyoinyima Pikapu

Kabla ya mwaka ule, mambo niliyoyajua kuhusu gari yalikuwa matatu. Kwamba mlango wa pikapu yetu haufungi mpaka uupigize kwa hasira, kwamba mguu wa kushoto ni wa klachi na wa kulia ni wa mengine yote, na kwamba petroli ikiisha gari husimama. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano huku Kola. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu sehemu za ua, sehemu za jicho na safari ya chakula tumboni, lakini ungenifungulia boneti ningeona mipira na nyaya tu, na ningekuomba uifunge upesi tusije tukaharibu kitu.

Leseni nilikuwa nayo. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa shule, likizo moja, kwa uvumilivu ambao sikuwahi kuuona kwake katika jambo lingine. Kisha leseni ikakaa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo, kwa sababu dereva wa nyumba alikuwa yeye. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya watu: mahindi kutoka Matuu, maembe msimu wake ukifika, kunde na ndengu siku ya soko Masii. Ile pikapu ya kijani ndiyo iliyotulisha.

Jumamosi jioni, akishaiosha, alifungua boneti akaniita nije nione. Mimi nilikuwa nimeketi barazani na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nje ya gari alikuwa mtu wa maneno mawili matatu kwa siku. Mbele ya injini alikuwa mhubiri. Alieleza hiki kinafanya nini, kile kinategemea nini, kwa nini sauti imebadilika tangu juzi. Mimi sikuinua macho kwenye kalamu yangu nyekundu. Nilijibu "mm." Miaka kumi na miwili ya Jumamosi nilijibu "mm," na sasa sikumbuki hata sentensi moja kati ya alizosema. Katika ndoa yetu nzima sijutii jambo lingine zaidi ya hilo.

Nieleze pia habari ya maji, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Kwetu maji ni ya aina mbili. Kuna matamu, yanayotoka mbinguni, yakapita kwenye mabati na kuingia kwenye tangi. Na kuna ya munyu, yaani ya chumvi, yanayotoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine kando ya soko. Ya munyu ni ya kuoga, kufua, kumwagilia sukuma wiki na kunyweshea ng'ombe. Ukiyapikia chai maziwa yanakatika, na maharagwe yatakaa jikoni kutwa nzima yakikutazama. Kwa hiyo matamu tuliyalinda. Tangi letu lilikuwa chini ya mamlaka ya mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mwaitu kama watoto wake walivyomwita, maana ndiyo mama kwa Kikamba. Bomba la tangi lilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuning'iniza shingoni kwenye uzi mmoja na miwani yake.

Hata hivyo maji yaliibwa. Mwaitu alijua kiasi cha maji kwa kugonga tangi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na kila baada ya muda alitangaza uani kwamba kuna mwizi. Siku moja nilimfumania. Alikuwa mume wangu, nyuma ya nyumba, asubuhi, anamimina maji ya tangi kwenye rejeta kutoka kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Nilimpigia kelele za chinichini ili mama yake asisikie. Nilimwambia watu wanahesabu vikombe vya kunywa na yeye ananywesha chuma. Alianza kunieleza sababu. Nikainua mkono, vile ninavyowanyamazisha darasa la tano. Akacheka, akafunga kifuniko, na mimi nikajiona nimemfanyia hisani kubwa kwa kutomshtaki.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, alianguka asubuhi akifunga kamba za kiatu. Daktari alisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na ulimi ukafungwa. Alipotoka wodini alikuwa amebakiwa na sauti moja tu, "aa," na kwa "aa" hiyo ilibidi aombe chakula, akatae blanketi, amsalimie mama yake na kulalamika kwamba redio imewekwa mbali. Macho yake yalikuwa yaleyale. Watu walikuja kumwona, wakazungumza juu yake akiwa katikati yao, kama meza.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ya mjini alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye mikono ya nguvu. Aliniita kando.

"Mwalimu, mlete kila Jumanne na Ijumaa. Usikose hata moja. Hii miezi ya kwanza ndiyo iko na kazi. Mguu utarudi, hiyo sina wasiwasi. Kuongea ndiyo sijui. Lakini tukimwachilia anyamaze, atanyamaza kabisa."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Kupanda gari za abiria hakungewezekana, kwa sababu kumwinua kulitaka watu watatu na subira ambayo makondakta hawana. Nikaomba ruhusa shuleni ya siku hizo mbili, nikaenda sandukuni nikatoa leseni yangu. Kuanzia siku ile nilitaka mambo mawili tu duniani: pikapu ifike kliniki Jumanne na Ijumaa, na mume wangu aseme tena. Hata angeamka na kunitukana, ningeshukuru.

Nilijua kwamba pikapu ilikuwa na tabia ya kupunguza maji, kwa hiyo kila asubuhi ya kliniki niliijaza. Niliijaza maji ya munyu. Nilifanya hivyo kwa fahari, nakiri. Nilijiambia kwamba sasa gari lina mwendeshaji mwenye akili, asiyemwibia mama yake. Mume wangu nilikuwa nimeshamketisha kiti cha mbele, mlango wazi, na kila niliponyanyua ndoo aliniangalia na kusema "aa, aa," akigonga dashibodi kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi moja alizidi. Nikadhani ana kiu. Nilimwomba Mwaitu anifungulie bomba, nikamletea kikombe cha maji matamu, kimejaa. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakinyoosha nje ya mlango kuelekea mbele ya gari, akakiinamisha. Maji yote yakamwagika mchangani.

Nilimgombeza. Sitaki kupunguza: nilimgombeza vibaya. Nilimwambia kama hataki kunywa aseme hataki, siyo kumwaga maji ya watu wakati wa kiangazi. Nilimwambia aseme, mtu ambaye hakuwa na ulimi. Alikiweka kikombe pajani, akageuza uso upande wa shamba. Njia nzima hakutoa hata "aa" yake.

Ikafika likizo ya Agosti, jua limekausha kila kitu hadi mizizi. Siku ya Ijumaa tulikuwa tunapanda ule mlima wa kuelekea mjini. Kwenye dashibodi kulikuwa na mshale mdogo ambao siku zote nilidhani ni wa petroli ya akiba. Ulikuwa umelala juu kabisa, kwenye alama nyekundu, nami nikafurahi kwamba tuna petroli ya kutosha. Kisha boneti ikaanza kutoa moshi mweupe pembeni, injini ikagonga mara tatu hivi, na pikapu ikasimama katikati ya mlima ikifoka na kupuliza.

Nilishuka mbio. Nikafungua boneti na kukuta mvuke unaruka kutoka kwenye kile kifuniko cha rejeta. Akili yangu iliniambia kwamba chombo kinachofoka hufunuliwa, kama sufuria ya uji. Nilikuwa na mtungi wa maji mkononi. Nilizunguka upande wa abiria kuchukua kitambaa cha kushikia kifuniko, na nilipokuwa nikigeuka, mume wangu alinidaka kifundo cha mkono kupitia dirishani.

Alinishika kwa ule mkono mmoja mzima kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Aa!" Nilijaribu kujinasua. Nilimwambia gari linaungua. Hakuniachia. Alikuwa amekaza meno, jasho linamtiririka, na kucha zake zimeniingia. Tulivutana pale mpaka nikachoka nikaegemea mlango nikilia, na mvuke nao ukachoka ukapungua. Bado alinishika.

Lori la mchanga likaja, dereva akateremka, akatazama injini, kisha akatazama kitambaa changu.

"Mama, umefungua hii?"

"Bado. Mzee amekataa kuniachilia."

"Basi huyo mzee amekuokoa uso. Hayo maji yangekurukia yote. Ungekuwa umechomeka macho."

Mume wangu ndipo akaniachia. Alama za vidole vyake zilikaa mkononi kwa juma zima. Nilizipenda, na asubuhi nilizikagua kabla hazijafifia. Miezi minne nilikuwa nimemsukuma, nimemlisha na kumvalisha viatu, na pale mlimani niligundua kwamba aliyekuwa ndani ya gari akijua kinachoendelea ni yeye peke yake.

Lori lilituvuta kwa kamba mpaka gereji ya mjini ambako alizoea kupeleka pikapu. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wenye mafuta meusi, kibanda cha mabati na magari yaliyofumuliwa. Fundi mkuu alikuwa mtu wa upande wa Murang'a aliyeoa kwetu akabaki, mcha Mungu kiasi kwamba hakuna injini iliyofunguliwa pale kabla hajavua kofia na kusali kwa maneno machache. Alipoona ni pikapu gani, alikuja moja kwa moja upande wa abiria.

"Mzee, pole sana. Nilisikia ulikuwa mgonjwa. Gari yako imefika, sasa tuangalie pamoja."

Alisema "tuangalie pamoja," na hakuwa anatania. Waliletwa vijana wawili, wakambeba mume wangu wakamketisha kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, chini ya kivuli cha mabati, palipo wazi kuona kila kitu. Tangu Aprili hakuna mgeni aliyemsemesha kama mtu mzima. Namshukuru yule fundi hadi leo, na kwa hilo ningemshukuru hata kama asingeitengeneza pikapu.

Baada ya sala alifungua mpira wa chini wa rejeta. Maji yakatoka mekundu, yamejaa chembe. Kisha akaifungua rejeta yenyewe. Ndani kulikuwa kumeganda ukoko mweupe, mgumu, ule ninaoujua kutoka kwenye birika letu la maji ya kuoga. Vijitundu karibu vyote vilikuwa vimeziba.

"Mwalimu, hii gari imekuwa ikinywa maji gani?"

"Ya kisima."

"Ya munyu?"

"Ya munyu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyepatikana na kosa.

Hakunigombeza. Alimgeukia mume wangu. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Aa."

"Ulimwambia?"

Mume wangu aliinua mkono wa kushoto taratibu, vidole vimekunjwa kama vimeshika kikombe. Akaunyoosha kuelekea pikapu, akauinamisha.

Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta, na rinda langu jeupe. Nilikuwa nimemletea maji matamu, na yeye akayapeleka yalikostahili kwenda, na mimi nikamgombeza mbele ya mama yake. Fundi hakuelewa kwa nini nalia. Alidhani ninaililia injini, akanihakikishia kwamba haijafa.

Nilipojifuta machozi nilimwambia anifundishe. Siyo kunieleza juujuu, nilisema, bali anifundishe kama mimi ndiye darasa la tano. Nikatoa daftari kwenye mkoba. Alicheka, lakini alinifundisha, na alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi niliokunywa nao chai ofisini. Kila kitu alinipa mkononi kwanza nihisi uzito, ndipo akasema.

Injini, alisema, ni jiko. Ndani ya kila silinda petroli inapigwa cheche na plagi, inawaka, mara nyingi ajabu kwa dakika. Jiko la namna hiyo bila maji lingejiyeyusha lenyewe. Kwa hiyo kuna pampu ya maji, na belti ya feni inayoizungusha. Pampu inasukuma maji yapite kwenye kuta za injini yakusanye joto, yaende rejeta. Rejeta ina vijitundu vyembamba kusudi upepo uyapoze, yarudi tena. Vijitundu vikijaa chumvi, maji hayapiti, na safari yote inakwama. Ule mshale wangu wa "petroli ya akiba" ndio uliokuwa ukipima joto la maji hayo. Vijana wa gereji walicheka hadi wakashika magari. Mume wangu naye alicheka, upande mmoja wa mdomo, na nilifurahi kuchekwa.

Kisha alitoa kitu kidogo cha shaba, mfano wa kizibo chenye springi. "Hii ni thamostati. Ni mlango. Injini ikiwa baridi inafunga, ikipata moto inafungua. Mafundi wengi wanaitoa wanatupa, wanasema hii nchi ni ya jua, haihitaji. Mzee wako alikataa kabisa. Tulibishana na yeye hapa siku nzima." Aliitumbukiza kwenye sufuria ya chai iliyokuwa inachemka kwenye jiko la makaa. Tuliinama wote tukaangalia. Mlango mdogo ukafunguka wenyewe. Aliitoa, ikapoa, ukajifunga. Niliona jambo hilo kwa furaha ya mtoto, na nikakumbuka kwamba hata hilo bila shaka niliwahi kuelezwa Jumamosi fulani, nikajibu "mm."

Kilichoharibika zaidi kilikuwa gasketi ya hedi, karatasi ngumu nyembamba inayokaa kati ya nusu mbili za injini na kuzuia moto, oili na maji visiingiliane. Ilikuwa imeungua sehemu moja. Hedi yenyewe, ile nusu ya juu, ilikuwa imepinda, ikabidi ipelekwe Nairobi kusawazishwa. Pampu ya maji nayo ilikuwa inavuja. Ndiyo sababu ya ile kiu ya kila siku. Majuma mawili, alisema fundi.

Majuma mawili maana yake kliniki nne. Niliona ulimi wa mume wangu ukisahau kazi yake siku baada ya siku, kwa sababu ya ndoo zangu mwenyewe.

Pale gereji kulikuwa na desturi: fundi akibadilisha kitu, cha zamani anakurudishia mkononi, ujue kweli kimebadilishwa. Nilipoenda kuangalia kazi siku ya tatu, alinijazia kiondo changu vitu vichafu: pampu, gasketi iliyoungua, mpira uliopasuka, belti, plagi nne. Watu wengi huvitupa njiani. Mimi nilivibeba hadi nyumbani, nikavisugua kwa mafuta ya taa na kuvipanga mezani juu ya gazeti. Nilitaka kusoma, basi. Nilikuwa na daftari langu na mchoro, na nilijiapiza kwamba pikapu ikirudi haitanidanganya tena.

Mume wangu alikuwa ameketi ng'ambo ya meza. Yule dada wa kliniki alikuwa ametupa kadi za picha za mazoezi: mpira, paka, kikombe, ua. Nilikuwa nimezionyesha kila siku, naye kila siku aligeuza uso. Mtu aliyebeba magunia ya Yatta nzima sidhani angependa kuulizwa paka ni nini. Siku hiyo sikuzitoa. Nilianza kujisomea kwa sauti, vile ninavyopenda, nikishika kitu kimoja kimoja.

"Plagi. Hii inatoa cheche. Belti. Hii inazungusha feni." Nikashika kile kitu kizito chenye mapezi. Nilikitazama, nikatazama mchoro wangu ambao ulikuwa umepakwa oili. "Na hii ni... stata. Stata ndiyo inaamsha injini."

"Aa."

"Ni stata, imeandikwa hapa."

"Aa-aa."

"Wacha nimalize. Stata inaamsha..."

"Pampu!"

Niliangusha ile pampu mezani. Mwaitu, aliyekuwa anachambua ndengu mlangoni, alisimama na ungo ukamwagika wote. Mume wangu mwenyewe alikuwa ameachama mdomo, amejishangaa. Alikuwa amevumilia kadi za paka na kelele zangu zote tangu Aprili, lakini mtu kuiita pampu ya maji stata, hilo hakuliweza.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Pampu," akasema, kwa hasira. "Pampu. Pampu."

"Aiya!" Mwaitu alipiga ukelele, akaanza kucheza katikati ya ndengu zake. Mimi nilizunguka meza nikamkumbatia, mikono yangu yote oili, na shati lake la kanisani halikutakata tena.

Basi nikawa nimepata dawa. Usiku ule nililala nimepanga makosa. Kesho yake niliita belti mpira, na mpira nikauita bomba la moshi. Neno la "belti" lilimchukua asubuhi nzima, likatoka "beti," nami nikalikubali. Alijua kwamba ninakosea makusudi. Niliona kwenye macho yake. Lakini hakuweza kujizuia, na mimi nilikuwa na miaka mingi ya ujinga wa kweli wa kuchanganya humo. Alinieleza upya kila kitu alichowahi kunieleza, safari hii kwa neno moja moja, na kila neno alilotoa lilikuwa limegharimu jasho. Sikujibu "mm." Niliandika.

Jioni moja Mwaitu aliniuliza hasa gari liliharibiwa na nini. Nikamweleza habari ya ukoko mweupe, kwa mfano wa birika. Akatafakari.

"Kwa hivyo ule mwizi wa maji yangu alikuwa huyu?"

"Ndiyo, Mwaitu. Na mimi nilijua, sikukwambia."

Alimtazama mwanawe kwa macho ya mtu anayemkuta mtoto na sukari mdomoni. Kisha alivua ule uzi shingoni, akatoa miwani upande wake, na ufunguo akaniwekea mkononi.

"Mwana wakwa, mwanangu, hii gari ipewe maji ya kunywa. Mimi naweza kunywa chai kidogo."

Tangu nilipoolewa hajawahi kunipa kitu kikubwa kuliko ule ufunguo. Kiangazi kile kilikuwa kikali, na tangi likigongwa lilikuwa linaitika karibu tupu. Alipunguza kikombe chake kweli. Nilimwona.

Pikapu ilirudi baada ya majuma mawili na siku moja, rejeta imezibuliwa kwa nyaya hadi inapitisha mwanga. Jumanne ile tulipanda mlima na mshale ukakaa katikati, pale unapotakiwa. Kliniki, yule dada alitoa kadi zake. Mume wangu alizisukuma kando, akaingiza mkono kwenye kiondo changu, akamwekea plagi mezani. "Plagi," akamwambia, polepole, kama anamfundisha. Dada yule alinitazama, nikamwambia na yeye alete daftari.

Maneno hayakurudi yote. Aliishi nasi miaka minane zaidi, na hakuwahi tena kuwa mhubiri. Alitembea kwa bakora, akapeleka macho yake popote mzigo ulipopakiwa, na mimi nikaendesha: kliniki, kisha soko la Masii wakati wa likizo, kisha Matuu penyewe. Nimebadilisha plagi mwenyewe kando ya barabara wanaume wakisimama kutazama. Thamostati sikumruhusu fundi yeyote aitoe. Kila nilipogeuza ufunguo nilimshukuru Mungu, na fundi, na yule dereva wa lori ambaye sikumwuliza hata jina, na zaidi ya wote mtu aliyekaa kushoto kwangu akisikiliza sauti ya injini.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi moja ya Novemba, mwaka uleule. Mvua zilikuwa zimeanza, tangi limejaa hadi linamwaga. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, na mimi ninamimina maji matamu kwenye rejeta bila kuhesabu. Midomo yake ilikuwa ikijaribu kitu. Mpaka siku ile hakuwa ameunganisha maneno zaidi ya mawili.

"Ile siku," akasema. "Kikombe."

Nilisimama na mtungi mkononi.

"Sikuwa... na kiu."

"Najua," nikasema. "Najua, baba. Nisamehe."

Alitikisa kichwa, kwamba hakuna neno. Mimi sikuona vizuri, machozi yalikuwa yamenijaa, na rejeta ikafurika, maji matamu ya Mwaitu yakatiririka juu ya injini hadi chini mchangani. Aliyatazama yakipotea. Kisha akagonga dashibodi kwa mkono wa kushoto.

"Mwalimu," akasema. "Yametosha. Funga."